Kanda la Usufi

Miaka thelathini nilikaa kibanda cha mizani, Kilindini,
nikiwapimia wenzangu mizigo:
chai, saruji, mitumba, vyuma chakavu.
Dereva akiapa kwa mamake kwamba hakuzidisha,
namwonyesha namba, nanyamaza.
Namba haina mjomba.

Sasa nimestaafu. Kazungu wa Jomvu
amenichomelea chumba cha kuvikwa pikapu mgongoni:
kitanda, jiko la meko mawili, tangi la maji lita themanini,
kidirisha kimoja, kwa kuwa Mishi alikililia.
Kinasukumwa nyuma, kinafungwa kwa minyororo minne,
na gari linakuwa konokono aliyepata mkopo wa benki.
Twende Marsabit tukamwone mjukuu.

"Tairi ni nzima," nikamwambia Nyale, pale Magongo,
na kweli ziling'ara; nilizipaka ile dawa nyeusi.
Nyale hakutazama mng'aro. Alichutama,
akalowesha kidole, akapangusa ubavu wa mpira
kama asomaye kaburi la mtu asiyemjua.
"Mia na nne. Yaani kila moja kilo mia tisa, basi.
Na hapa: wiki ya thelathini na mbili, mwaka wa kumi na nne.
Mzee, hizi nazo zimestaafu."

Mbili za nyuma, nikasema, ni elfu moja na mia nane. Zatosha.
"Umekipima chumba, au umekikisia?"

Kuulizwa mimi. Mimi!

Tukaenda mizani ya wauza vyuma, Changamwe, shilingi mia tatu.
Tukapandisha magurudumu ya nyuma peke yake.
Elfu mbili, mia moja na arobaini.
Kijana wa mizani akanionyesha namba,
akanyamaza.

Nikafungua mlango wa chumba. Chini ya kitanda
nazi arobaini. Kinu na mchi wake. Mbuzi ya kukunia.
Mkeka nao, lakini huo nikausamehe.
"Marsabit kuna nazi?" Mishi akauliza kabla sijauliza.
Nikataka kupandisha sauti. Nyale akakadiria kwa jicho:
vya mama vyote, kilo mia.
Na hizo mia mbili na arobaini nyingine?

Hizo zilikuwa zangu.
Betri ya pili. Sanduku la spana.
Mbao za mvule nilizomshurutisha Kazungu atie
kwa sababu sipendi kitu cha kuchezacheza.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wamesema;
mimi hata wangu niliuona usufi.

Kwa Dilshad, Ganjoni, nilizipenda zile pana, meno kama ya mamba,
nusu ya bei. Dilshad akazipiga teke.
"Hizi ni za kupigia picha Nyali."
Akavingirisha nyingine, hazina sura,
plai kumi, mia na ishirini ubavuni,
ngumu kama ulimi wa anayekudai.
"Gari likiwa tupu zitakurusha. Likiwa na nyumba, zitakulaza."

Bei nisiiseme. Mishi atasoma.

Nyale alizivalisha, akakagua na rimu, akanionya:
tairi hainunui springi,
na ekseli ina kikomo chake, kimeandikwa hapo mlangoni;
umebakiza kidogo, usiongeze hata embe.
Upepo wa nyuma sabini, upime alfajiri mpira ukiwa baridi.
Ukipima adhuhuri, Taru, tairi itakudanganya.
Akaandika 70 kwa chaki juu ya bawa la gurudumu.
Unyevu wa usiku ukaila ile sifuri.

Nimeshusha betri ya pili. Nimeshusha nusu ya spana.
Nazi zimebaki.
Na beti hizi, mniwie radhi, sikuzipima;
mizani yangu yote niliilipia Changamwe.

Mishi ametulia mno tangu magharibi.
Kuna kitu kingine mle ndani, najua.
Kesho, kabla ya Mariakani,
napita tena kwa yule kijana.